Siku yangu na wazee waliojenga Melbourne

Saa 11:00 alfajiri niko macho. Naswali, nafunga wali na maharage kwenye hotipoti, nawasha gari. Kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani mwao hapa Melbourne, Australia: kuwaogesha, kuwavisha, kuhakikisha wamekula na kumeza dawa. Kuna jamaa zangu Tanga wanaosema nimevuka bahari kwenda kuosha vikongwe. Ni kweli, naosha vikongwe. Leo nataka mjue ni vikongwe gani.

Saa 1:00 asubuhi, Coburg. Babu wa Kiitaliano, miaka 91, ananingoja mlangoni. Ndevu, soksi za kubana miguu, vidonge, tumemaliza. Ila kahawa hamwachii mtu: anakipika mwenyewe kile kibirika chake cha alumini juu ya moto mdogo mpaka kianze kukoroma. Alishuka melini mwaka 1954. Australia na Italia zilikuwa zimetiliana saini mkataba wa kuleta wafanyakazi mwaka 1951, na sharti lake lilikuwa kufanya kazi miaka miwili popote serikali itakapokupeleka. Akapitia Bonegilla, kambi ya kupokea wahamiaji, kisha akamwaga zege hadi alipostaafu. Anasema aliukuta mji wa wanywa chai. Mwaka huohuo wa 1954 ndipo mkahawa wa Pellegrini's ulipofunguliwa mtaa wa Bourke na mashine yake ya espreso, na mpaka leo upo. Siku hizi vijana wa hapa wanatamba kwamba hakuna mji unaowashinda kwa kahawa. Sawa, watambe. Mimi namfunga viatu mmoja wa watu waliowafundisha kuinywa.

Saa 2:30, Northcote, kwa Yiayia.

Neno hilo kwa Kigiriki ni bibi, na linatamkwa karibu sawa na yaya wetu. Kwa hiyo mimi ni yaya wa Yiayia. Ana ugonjwa wa kusahau. Miaka miwili iliyopita tulikuwa tunaelewana kwa Kiingereza. Ugonjwa umekifuta, kimebaki Kigiriki cha kijijini kwao. Ikabidi nijifunze mimi. *Ela*, njoo. *Nero*, maji. *Siga siga*, polepole.

Nina dakika 60. Leo hataki kuoga. "*Ohi!*" Hapana! Nikafungua maji ya moto, nikatandika taulo kwenye kiti cha kuogea, nikamwita tena. "*Ohi!*" Amejifunga vifungo vya gauni mpaka shingoni na ameushika mkoba wake kifuani kama abiria anayeogopa wezi stendi. Dakika 20 zikapita. Nikamwonyesha gazeti lake la Neos Kosmos, linalochapwa mjini humu kwa Kigiriki tangu 1957. Kawaida picha humtuliza. Akalisukuma. Simu ikalia: binti yake anauliza kwa nini jana nilimwacha mama nywele mbichi. Nikaomba radhi. Ikalia tena: msimamizi ofisini, programu inamwonyesha kuwa sijabonyeza "ameoga". Nikasema, dada, mtu haogeshwi kwa kubonyeza. Mgongo ulikuwa unauma tangu Jumatatu na joto lilishafika digrii 34. Nikakaa chini, sakafuni, karibu na miguu yake.

Hapo ndipo akaona kifungo. Kifungo cha pili cha sare yangu kilikuwa kinaning'inia kwa uzi mmoja. Akaniinua kwa ukosi, akanikokota hadi kabatini, akatoa kopo la biskuti lililojaa nyuzi. Akalowesha uzi kwa ulimi. Akalikosa tundu la sindano mara ya kwanza, ya pili, ya tatu; nilipotaka kumsaidia akanipiga kofi la mkono. Akakishona nikiwa nimeivaa sare hiyohiyo, pumzi yake ikinigonga kifuani. Akazungusha uzi mara tano chini ya kifungo, akaukata kwa meno. Jina la binti yake halikumbuki kila siku. Mikono inakumbuka: miaka 26 alishona nguo kiwandani, akilipwa kwa idadi ya vipande.

Babu yangu mzaa baba alitoka Kigoma kwenda Tanga akiwa manamba, kukata mkonge, na mashamba mengi ya mkonge yalikuwa ya Wagiriki. Kwetu Mgiriki alikuwa bwana shamba, mwenye nyumba ya kilimani. Ilibidi nije huku mwisho wa dunia nimkute Mgiriki aliyekuwa manamba kama babu yangu.

"*Koritsi mou*," akaniambia, binti yangu. Akaingia bafuni mwenyewe.

Nilitoka nimechelewa dakika 40. Foleni ya Bell Street ikaniongezea nyingine. Nikala wali wangu kwenye taa nyekundu. Kutoka hapo saa sikuziangalia tena. Kuna mzee wa Preston, kuna kidonda cha kufunga Thornbury, kuna nyumba baada ya nyumba zenye uwanja wa zege mbele, mti wa limau, mtini na mzabibu juu ya gereji. Wenyeji walikuwa wakiwacheka Waitaliano na Wagiriki kwa bustani hizo, na watoto wao walikuwa wakificha mkate wao wa zeituni shuleni wasiitwe majina. Leo zeituni hizohizo zimo kwenye menyu ya kila mgahawa, na nyumba yenye mtini inanunuliwa kwa bei ambayo wajukuu wao hawaiwezi.

Ya mwisho ilikuwa Reservoir, kwa mama wa Kiitaliano. Ni Februari, msimu wa nyanya, na gereji yao imejaa ukoo mzima: makreti, mashine ya kusaga, chupa zinachemshwa ndani ya pipa. Mama hawezi tena kusimama, kwa hiyo nilimsogeza na kiti chake hadi mezani. Kila sufuria inapita kwake. Anachovya kijiko, anaonja, anatikisa kichwa, chumvi inaongezwa. Mjukuu wake, wakili, anatii bila neno. Niliondoka na chupa mbili za nyanya.

Usiku nilizipikia dagaa tuliowanunua Footscray. Mwanangu akaramba sahani. Nikafua sare, nikamwandikia msimamizi: kwa Yiayia nipewe dakika 90. Hajajibu.