Brutus na Antony msibani

Jana nilikaa na vijana wa tamthilia wakifanya mazoezi ya ule msiba katika Julius Caesar ya Shakespeare. Aisee! Maiti moja, hotuba mbili, watu wawili tofauti kabisa.

Brutus, mmoja wa waliomuua Caesar, anawaita wasikilizaji kwanza Warumi. Antony, rafiki wa marehemu, anawaita kwanza marafiki. Hapo hapo unajua nani kaja kutoa hoja na nani kaja kushika mioyo. Brutus anatumia nathari, sentensi zimepimwa kama kwenye mizani, halafu anaondoka zake (jamani, nani anamwachia mpinzani jukwaa?). Antony anatumia shairi. Anakatisha, analia, anaonyesha vazi lililotobolewa na visu, anawatamanisha wosia wa Caesar mpaka wenyewe wanapiga kelele usomwe: drakma (sarafu za fedha) 75 kwa kila raia! Na kila mara anarudia kwamba Brutus ni mtu wa heshima, hadi heshima yenyewe inanuka. Kijana aliyemwigiza alizidi kuwa mpole kila alipoirudia. Nilisisimka.

Brutus namhurumia, anadhani wote wanawaza kama yeye.

Mwenye tafsiri ya Mwalimu Nyerere, ile ya 1963, naomba aniazime.