Siku tuliyomwaga jamvi: likizo yangu ya kwanza nyumbani kwetu Chanika

Jana jioni nilielekezwa nyumbani kwetu kwa simu. Nilishuka stesheni ya Pugu, treni ya umeme ikaendelea zake mjini, nikabaki na begi, mfuko wa zabibu za Dodoma, na sauti ya mdogo wangu sikioni: "Dada, mwambie bodaboda akupeleke mpaka kwenye mwembe wa wauza mkaa. Hapo shika njia ya mchanga, mkono wa kushoto. Ukiona bati jekundu na madirisha yamezibwa, ndiyo kwetu."

Buguruni, kule mjini Dar, tulikaa miaka 17, vyumba viwili vya kupanga, na ningefika pale hata nikiwa nimefumba macho. Mwezi Mei, mimi nikiwa Chuo Kikuu cha Dodoma nasubiri UE, mitihani ya mwisho wa muhula, mwenye nyumba alipandisha kodi akaitaka ya mwaka mzima kwa mkupuo. Baba akasema hela hiyo ni milango miwili na saruji. Wakahama hivyo hivyo, nyumba ikiwa haina plasta, haina dari, na sebule yake ni kifusi kitupu. Mimi nilitumiwa picha tu.

Saa 11 alfajiri

Naamka, mkono unatafuta swichi ukutani. Hakuna swichi. Kuna tofali tupu, linakwaruza vidole. Nje kuna mnyama analia kama mtoto mchanga. Mdogo wangu, aliyelala upande wa pili wa pazia, ananong'ona, "Ni komba huyo, usiogope." Msitu wa Kazimzumbwi hauko mbali, na yeye ameshazoea. Nyumba hii imeanza kumzoea kabla yangu.

Mama yuko nje kwenye mafiga, chini ya mkorosho ambao aliyetuuzia kiwanja aliuacha. Vitumbua vya kwanza vimeshaiva. Nachukua kigoda, nakaa karibu yake, nampokea ile spoku ya baiskeli anayogeuzia. Ni ile ile ya Buguruni, mpini wake kasokota kitambaa.

"Mkono wako umelainika," ananiambia, akiniangalia ninavyokizungusha kitumbua ukingoni mwa kishimo ili kisipasuke. "Chuo mnakula nini huko?"

Namwuliza biashara. Buguruni alikuwa anamaliza vitumbua 300 kabla ya saa 2 asubuhi. Huku ni 80, akibahatika 100. Wateja wake ni bodaboda wa pale barabarani na watoto wa shule, na leo Jumamosi watoto hawapo. Mchele inabidi aupeleke mashine jioni kwa sababu hatuna umeme. Nguzo ya mwisho imeishia kona ya msikiti. Yote haya anayasema bila kulalamika, halafu anafunika bakuli la unga na kuongeza, "Lakini silali nikihesabu tarehe, mwanangu." Aliyewahi kupanga anajua ni tarehe gani hizo.

Saa 1 asubuhi

Jua limetoka, sasa naiona nyumba yenyewe. Nasimama mbele ya ukuta wa chumba changu kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia, maana ukuta huu una miaka yake na inasomeka. Kozi za chini, yaani safu za matofali, zimeota ukungu wa kijani na kingo za matofali zimelika: hizo ni za 2016, msingi ulipojengwa ukakaa mvua mbili tatu bila kuongezwa kitu. Kuanzia usawa wa dirisha matofali ni meupe, makali: hiyo ni 2019, Mama alipopokea zamu yake ya mchezo wa kuchangiana hela na Baba akakopa kazini, boma likafika kwenye lenta, ule mkanda wa zege juu ya madirisha. Kiwanja chenyewe, hatua 20 kwa 20, kilinunuliwa 2013 nikiwa shule ya msingi. Bati likapanda 2022. Kati ya mwaka na mwaka hakuna kilichoonekana kwa macho, lakini nyumbani tulikijua: ndiyo miaka ambayo nyama ilikuwa ya Idi, na viatu vya shule vilishonwa mara mbili kabla ya kununuliwa vipya.

Nimesoma kwa miaka yote hiyo nikijua "tunajenga". Leo ndiyo nimeigusa.

Kazi yangu ya kwanza ni maji. Kisima kipo kama dakika tano, dumu la lita 20 shilingi 100. Mimi na mdogo wangu tunasukuma toroli, dumu nne kwa safari, tunajaza mapipa mawili. Yule mama anayeuza maji ananiangalia kuanzia kichwani mpaka miguuni.

"Wewe mgeni wa nani?"

Sina jibu la haraka. Buguruni mama yangu aliitwa kwa jina langu, mimi ndiye mtoto wa kwanza. Huku wanamwita kwa jina la mdogo wangu, kwa kuwa ndiye waliyemwona. Mdogo wangu ndiye anayenijibia: "Siyo mgeni, ni dada yangu wa chuo." Yule mama anacheka, anasema karibu sana, lakini neno "mgeni" natembea nalo njia nzima ya kurudi.

Saa 2 na nusu

Baba anarudi kazini. Yeye ni mlinzi wa ghala Barabara ya Nyerere, zamu ya usiku. Namwamkia, "Shikamoo Baba," anaitikia "Marahaba, mwanangu," halafu ananishika bega na kuuacha mkono pale. Macho ni mekundu. Mama anamwambia alale kidogo. Anavua shati la kazi, analitundika kwenye msumari, anavaa suruali yenye madoa ya saruji. "Usiku wa leo ni mapumziko yangu. Nitalala usiku kama watu."

Fundi na vijana wawili wa saidia fundi wameshafika na wanakunywa chai ya rangi na vitumbua. Sebule ni mita 4 kwa 5, jamvi, yaani zege la sakafu, ni la inchi 3, na hesabu ya fundi ni mifuko 10 ya saruji. Ukutani imeegemezwa 6.

Ndipo namwita Baba pembeni na kumpa bahasha. Ni hela ya mifuko minne, niliyoibana kwenye bumu, ile hela ya kujikimu ya mkopo wa chuo. Kwa shilingi 10,000 kwa siku, ukila mara mbili badala ya tatu na ukatembea kwa miguu kwenye vilima vile vya chuo, kwa muhula mzima inawezekana. Nilishapanga maneno ya kusema nikimpa. Sikuyasema. Baba amezihesabu noti, amezihesabu tena, amemtuma kijana dukani na toroli. Mifuko ilipofika alimwambia fundi, sauti yake ikiwa ya kawaida kabisa: "Hii minne ni ya binti yangu. Tuanze na hii."

Saa 3 na nusu mpaka saa 8

Mfuko mmoja wa saruji, toroli moja ya mchanga, toroli mbili za kokoto. Mchanga na saruji vinageuzwa vikavu, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka rangi inakuwa moja na huoni tena mstari wa kijivu. Ndipo kokoto, ndipo maji. Katikati wanachimba kama kisima kidogo, mimi namimina taratibu, na vijana wanavuta kuta za kile kisima kuelekea ndani kabla maji hayajatoboa na kukimbia na saruji. Fundi ananisimamisha kwa kiganja. "Dada, basi. Zege la uji linapasuka."

Mifuko yangu minne imeanzia kona ya mbali, chini ya dirisha. Mdogo wangu na mimi tunabeba karai, Baba anapokea na kumwaga, fundi anavuta bao juu ya kamba na kurudi nyuma hatua kwa hatua kuelekea mlangoni. Kwenye karai la kumi hivi mabega yangu yaliacha kuuma na kuanza kutetemeka. Mama akanifunga kanga kiunoni, akanikunjia nyingine kichwani iwe kata, akasema, "Beba kichwani, acha kubeba kama mtoto wa mjini."

Mfuko wa nane, maji yakaisha. Kifusi kilikuwa kimekunywa mengi tulipokilowanisha asubuhi. Nikakimbia kisimani na toroli, nikakuta pampu imezimwa na mlango umefungwa. Nyuma yangu saruji ilikuwa imeshakutana na mchanga wenye unyevu na jua limekaa utosini. Nikarudi kumwambia fundi. Hakupiga kelele, alisema tu, "Zege halilali. Tafuteni maji."

Kuna nyumba moja jirani ina tenki. Sijawahi kuingia pale, sijui hata wanaitwa nani. Nikapiga hodi. Akatoka bibi mmoja mwenye miwani, nikamwamkia, nikasema kwa pumzi moja: "Bibi, mimi ni mtoto wa kwanza wa nyumba ya bati jekundu pale, tunamwaga jamvi, maji yametuishia katikati, naomba kusaidiwa, tutarudisha jioni." Sikuwa nimepanga kujitambulisha hivyo. Yalitoka tu.

"Ingia ufungue koki," akasema. "Mimi hapa nilimwaga la kwangu mwaka juzi, najua." Dumu sita. Hela aliikataa.

Saa 8 kasorobo fundi aliburuta mwiko kwenye kizingiti na kusimama nje. Hakuna aliyesema neno. Wote tulijazana mlangoni tukiangalia sebule yenye maji maji, inang'aa, sawa kama meza. Mama akasema "Alhamdulillah" polepole, na akafuta macho kwa ncha ya kanga.

Chakula kilikuwa wali na maharage chini ya mkorosho. Sikumbuki ladha yake. Baba alisinzia na kijiko mkononi.

Saa 10 jioni

Jamvi limeshika, sasa unaweza kuligusa. Fundi kabla ya kuondoka ameagiza tulifunike kwa viroba na tuvilowanishe asubuhi na jioni, siku saba. Mdogo wangu, darasa la sita, anauliza swali ambalo watu wazima wengi hawaliulizi: "Kama tunataka likauke, kwa nini tunalimwagia maji?"

Nasomea ualimu, kemia ndiyo somo langu, na hili ndilo darasa langu la kwanza nje ya chuo. Namwambia saruji haikauki kama nguo. Inashika kwa kuungana na maji, ndiyo maana hata chini ya maji inashika. Maji yakikimbia mapema kwa sababu ya jua, ule muungano unakatika njiani na sakafu inabaki vumbi vumbi, inapasuka. Zikitimia siku 28 ndipo hupimwa nguvu yake. Namshika kiganja, nakiweka kwenye zege. "Unasikia nini?" Anatulia. "Lina uvuguvugu." Ndiyo, muungano huo hutoa joto. Nimeandika hilo kwenye mitihani, nikapata maksi zake. Sijawahi kulisikia kwa mkono mpaka leo, sebuleni kwetu.

Saa 12 jioni

Kisima kimefunguliwa. Nampelekea bibi dumu zake sita. Anakataa nne, anapokea mbili na zabibu kidogo, halafu anafuatana nami kuja kuangalia jamvi. Mama anamwekea kigoda. Wanaongea habari za mihogo, za nguzo ya umeme, za nani anauza kokoto nzuri. Anapoaga anamwita Mama kwa jina langu. Mama anaitikia "Abee" bila kusita, kama vile hakuna siku iliyopita katikati.

Saa 2 usiku

Baba ameamka. Jumatatu anakuja fundi umeme kutoboa kuta kwa ajili ya mabomba ya waya, kabla ya plasta. Umeme wenyewe utafika utakapofika, mabomba yatangulie. Ameshika tochi ya simu na kipande cha mkaa, anapita chumba kwa chumba akichora palipo na swichi na soketi. Chumbani kwake ameshachora. Cha mdogo wangu pia.

Anaingia kwangu, anamulika ukuta. "Ya kwako iwe wapi?"

Natazama chumba. Kuna godoro, begi, na pazia badala ya mlango. Namwonyesha pembeni ya dirisha, usawa wa meza ambayo sina bado. Anapima kwa shubiri kutoka chini, moja, mbili, tatu, anachora duara juu ya tofali la 2016. Kisha anarudi mlangoni, ananiambia nilale nilivyolala jana na ninyooshe mkono. Nanyoosha. Pale vidole vilipofika, anachora swichi.