Kwenda Margherita kwa njia ya Kilembe

Shemeji yangu ni mtu wa Moshi na Kilimanjaro ameshaipanda, kwa hiyo tulipokaa sebuleni kwake Kibuli, Kampala, kuipanga safari ya Rwenzori, milima ya mpakani mwa Uganda na Kongo, alikuja na hesabu tayari. Kilele chake cha Uhuru kina mita 5,895, Margherita, kilele cha juu kabisa cha Rwenzori, kina 5,109. Mlima mfupi, siku chache, gharama ndogo. Dada yangu, ambaye ndiye mkewe, alimwacha aseme mpaka birika la chai likaisha, kisha akamuuliza kule Kilimanjaro alitembea matopeni kwa siku ngapi.

Shemeji hakuwa na jibu, tukaanza kupanga upya.

Kilimanjaro ni volkano iliyosimama peke yake. Ukitoka msituni unakutana na vumbi na mawe, na njia inapanda tu. Rwenzori si volkano. Ni bonge la mwamba wa kale lililosukumwa juu pembeni mwa Bonde la Ufa, halafu barafu na mito vikalichonga likawa milima kadhaa: Stanley, Speke, Baker, Emin, Gessi na Luigi di Savoia. Katikati yake kuna mabonde yenye vinamasi, kwa hiyo unapanda, unashuka, unapanda tena ulipokwishashuka. Urefu wa kilele haukuambii hata nusu ya kazi yenyewe. Mvua nayo hunyesha karibu mwaka mzima. Miezi inayoitwa ya kiangazi, Desemba hadi Februari na Juni hadi Agosti, ni miezi ya mvua kidogo, si ya ukavu. Tukachagua Januari.

Njia kubwa upande wa Uganda ni mbili. Ile ya zamani, Mzunguko wa Kati, huanzia Nyakalengija na kupita kambi za John Matte na Bujuku hadi ya Elena. Ya pili huanzia Kilembe, mji wa machimbo ya shaba ya zamani juu ya Kasese, na hupitia mabonde ya kusini. Tuliipenda ya Kilembe kwa sababu kambi zake ni nyingi, na kambi nyingi maana yake mtu anaweza kuchagua alale wapi.

Hapo ndipo dada, ambaye ni muuguzi, alipochukua kalamu. Akaandika kambi na urefu wake kwa safu moja: Sine karibu mita 2,600, Mutinda karibu 3,700, Bugata karibu 4,060, Hunwick's karibu 3,970, Margherita Camp karibu 4,490. Akapiga mstari mwekundu kati ya Sine na Mutinda. Ushauri wa madaktari ni kwamba ukishapita mita 3,000, mahali pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 hivi kwa siku, na kila baada ya siku tatu au nne upumzike. Kutoka Sine hadi Mutinda ni zaidi ya mita 1,000 kwa mkupuo. Kati yake ipo Kalalama, kama mita 3,130, ambako wengi husimama kunywa chai tu. Dada akataka tulale pale. Shemeji akalalamika kuhusu pesa za siku ya ziada, kwa kuwa kila siku mlimani ina malipo ya hifadhi, ya waongozaji na ya wapagazi. Walibishana mpaka adhana ya Isha. Kalalama ikabaki kwenye karatasi.

Ikaongezwa na siku nyingine tupu, isiyo na kambi wala kazi, ya kutumika mlima ukikataa. Mimi naiona ndiyo siku muhimu kuliko zote katika ratiba ya Rwenzori, na ndiyo ya kwanza kufutwa na watu wanaotaka kubana matumizi.

Vifaa vilitupeleka soko la Owino. Jaketi za mitumba za pale ni nzuri kuliko nyingi za dukani, ukiwa na subira ya kupekua. Gambuti tulinunua za saizi moja zaidi ili ziingie na soksi nene mbili. Buti za ngozi za mlimani, hata ziwe ghali vipi, kwenye tope la magotini hazifai kitu. Tulizibeba kwa ajili ya miamba na barafu huko juu. Tukanunua makavera, yaani mifuko ya plastiki, mazito ya kufungia kila kitu ndani ya begi, na dada akaweka sheria: seti moja ya nguo haitoki hemani wala bandani hata mvua ikatike. Asubuhi unavua nguo kavu, unavaa zilizolowa, unatetemeka, unatembea. Vyuma vya miiba vya kufunga chini ya buti, kamba, mikanda ya usalama na shoka za barafu tulipanga kukodi kule kule.

Kuhusu dawa ya asetazolamidi, ile ya kuuzoesha mwili hewa nyepesi, dada alisema kila mmoja akaonane na daktari wake kwanza, maana wapo wasioelewana na dawa za jamii hiyo. Tukasoma na bima zetu, kwa sababu nyingi zina kikomo cha urefu na maandishi yake ni madogo.

Mwisho wa kikao ndio ulikuwa mgumu. Nani akirudi, anarudi na nani? Dada akaandika: mwenye kichwa kinachouma pamoja na kutapika, au anayeyumba akitembea, hapandi tena hata hatua moja, anashuka mchana huohuo, haitapigwa kura, wala mgonjwa haulizwi. Akizidiwa mke, mume anashuka naye. Akizidiwa mume, vivyo hivyo. Nikizidiwa mimi, shemeji ananishusha. Shemeji akasema karatasi ile inamwonea yeye. Akaitia sahihi.

Basi la Kasese lilipita Mubende na Fort Portal na halikuwa na la kusimulia. Kasese kuna joto la bondeni, na milima yenyewe haionekani, mawingu tu. Tukapanda boda hadi Kilembe kando ya mto Nyamwamba, uliofurika Mei 2013 na tena Mei 2020. Mawe yaliyoshushwa na maji yale bado yamelala kando, mengine makubwa kuliko gari.

Mwongozaji wetu alikuwa Mkonzo, mtu wa kabila la milima hii, wa makamo, Kiswahili chake cha Kongo, alichojifunza akifanya biashara mpakani Mpondwe. Wapagazi walipima mizigo kwa mizani mmoja mmoja na kurudisha kilichozidi. Shemeji aliachishwa viatu vyake vya tatu. Mwongozaji akasoma karatasi yetu kwa utulivu, akafika kwenye Kalalama, akaitikia kwa kichwa. “Dada njo alipanga hii? Muzuri. Tutaenda mupole.”

Siku za kwanza ni msitu, kisha mianzi. Baada ya Kalalama mambo yanabadilika: miti ya erika iliyovikwa ndevu za kuvumwani, chini sponji ya kijani inayomeza mguu, halafu lobelia na senesio zinazomzidi mtu kimo. Sijui niwaeleze vipi tope lile. Unakanyaga kichaka cha nyasi, kinayumba, unaruka kingine, unakosa, gambuti inabaki na wewe unatoka na soksi. Shemeji alicheka siku ya kwanza. Siku ya pili alinyamaza. Baada ya hapo akawa anahesabu vichaka kwa Kichaga, kwa sauti.

Kutoka Bugata tulivuka Bamwanjara, mita 4,450, tukashuka kulala Hunwick's, na kushuka huko kulitufaa: umepanda juu, umelala chini. Pale Hunwick's mvua ya mawe ikatukamata na siku ile tupu ikapata kazi yake. Tulikaa bandani tukikausha soksi juu ya jiko, mwongozaji akitusimulia habari za Kitasamba, ambaye Wakonzo wanamjua kuwa mwenye milima hii, na kwa nini wazee hawakupenda watu kupiga kelele huku juu.

Tulipofika Margherita Camp, dada hakumaliza supu. Kichwa kilianza, halafu akatoka nje kutapika. Aliporudi alikuwa ameshaanza kukunja begi lake la kulalia. Hakuna aliyesema neno. Maneno yalikwisha Kibuli. Shemeji alikitazama kilele, ambacho jioni ile, kwa mara ya kwanza, kilikuwa wazi kabisa, akafunga mkoba wake na wakashuka na mwongozaji msaidizi kabla ya giza.

Mimi niliondoka na mwongozaji saa nane usiku. Mwamba, kamba, kisha uwanda wa barafu wa Stanley, kisha mwamba tena, kisha barafu ya Margherita yenyewe. Duke wa Abruzzi alipofika hapa mwaka 1906, akakipa kilele jina la malkia wa Italia, barafu ya Rwenzori ilikuwa takriban kilomita za mraba 6.5, kufikia mwaka 2003 ilibaki chini ya moja. Mwongozaji hakuwa na takwimu hizo, ila alimulika tochi juu ya mwamba mtupu na kunionyesha mahali ambapo akiwa kijana alikuwa akivaa vyuma vyake vya miiba. Sasa tulivivaa mbali zaidi, juu zaidi. Hewa kule ina oksijeni kama nusu tu ya ile ya pwani, na mimi ni mtu wa Tanga: kila hatua kumi nilisimama.

Kilele ni mpaka. Mguu mmoja Uganda, mwingine Kongo, na ndicho kilele cha juu kabisa cha nchi zote mbili. Ukungu ulikuwa umerudi. Mwongozaji akaelekeza kidole kwenye weupe ule akasema huko chini ndiko kwa wajomba zake, Wanande, kisha akaniharakisha tushuke kabla jua halijalainisha barafu.

Hunwick's nilimkuta dada anakula viazi. Kichwa kilimwachia muda mfupi baada ya kushuka, na hiyo ndiyo dawa ya kwanza ya ugonjwa huu. Shemeji aliniuliza maswali mengi juu ya ile barafu, akaniomba nimwonyeshe picha, akaziangalia moja moja, zote za ukungu.

Kasese tuligawana bakshishi ya wapagazi, tukawaachia gambuti zilizowatosha. Ndani ya basi la kurudi dada alitoa karatasi mpya na kuandika juu yake Wagagai, mita 4,321, Mlima Elgon, Desemba. Shemeji akauliza kama siku tupu ipo. Akaambiwa zipo mbili.