Uzoefu wangu: nilivyochukua pikapu kavu nikaibebesha chumba cha kulala

Watu wengi wananiuliza hii gari yenye kijumba mgongoni niliipataje na kwa nini sikuchukua dabo kebini (pikapu ya milango minne) ya maana kama wenzangu, nimejibu sana vijiweni hapa Mtwara mjini mpaka mdomo umechoka, acha niandike mara moja yaishe.

Mimi ni fundi wa mabomba ya kupulizia mikorosho. Kuanzia mwezi wa tano wa sita hivi watu wakianza kupulizia salfa, dawa ya ukungu wa mikorosho, simu yangu hainyamazi, leo Nanyamba kesho Tandahimba, keshokutwa mtu wa Nachingwea anakwambia bomba limegoma kuwaka na mikorosho imeshaanza kutoa maua. Gesti za huko ni za kubahatisha, msimu ndo kabisa, ukifika jioni vyumba vimejaa. Nilikuwa na kagari kadogo, spea kwenye buti, nalala kwa wenyeji. Kilichonimaliza ni Mei 2024 ile mvua ya kimbunga Hidaya, barabara ya Dar ikakatika pale Somanga na mimi ndo natoka Dar na mzigo wa spea, nikalala siku tatu kwenye siti ya mbele, magoti yamegota kwenye usukani, mbu kama wote. Ile siku ya tatu asubuhi nashuka kwenye gari nikashindwa kunyoosha mgongo, kuna mama alikuwa anauza chai akacheka akaniambia "pole baba, umezeeka usiku mmoja". Nikasema basi, gari inayofuata nalala humo humo na miguu imenyooka.

Wazo lilikuwa pikapu, nyuma kijumba cha kupandisha na kushusha, ndani kitanda, kimeza cha kufungulia mabomba, makabati ya spea na jiko dogo la gesi. Shemeji yangu akashikilia dabo kebini, "shem, familia nayo itapanda wapi?" Nikamwambia familia ina daladala.

Nilienda yadi moja Dar, dalali ananisifia skrini na kamera ya nyuma, mi niko nyuma na futi napima bodi, yaani sehemu ya kupakia mzigo. Na hapa ndo pa kukaa sawasawa maana wengi wanapotea. Bodi ya dabo kebini nyingi ni kama mita 1.5 tu, singo kebini, ile ya milango miwili, inafika mita 2.3 hivi. Mimi nina urefu wa 1.78, kwenye dabo kebini kijumba lazima kitokeze nyuma ndo nilale vizuri, na kikitokeza uzito unaangukia nyuma ya ekseli ya tairi za nyuma. Umeshawahi kufunga gunia la mkaa mwisho kabisa wa keria ya baiskeli? Tairi la mbele linanyanyuka, unashika hendo haina kazi. Gari nayo ni hivyo hivyo, usukani unakuwa mwepesi, breki za mbele hazishiki vizuri, na kila ukiingia shimo ule mzigo wa nyuma unapiga chasisi kama mtu anavunja kuni gotini. Kuna jamaa wa Lindi alibandika boksi kubwa kwenye dabo kebini yake, likatokeza nyuma karibu mita nzima, akaenda nalo Liwale wakati wa mvua, chasisi ikakunja hapo kati ya kebini na bodi. Ukiitazama kwa ubavu kama ndizi. Gari nzuri tu, mzigo ndo umekaa pasipo pake.

La pili ni uzito, na hili dalali hakupenda nililiuliza. Pikapu nyingi za saizi hii zinaitwa za tani moja, ila tani moja hiyo ni pamoja na wewe dereva, abiria wako, na kila chuma ulichoongeza. Kuna kibati kinaandikwa uzito wa juu kabisa gari ikiwa imepakia, unatoa uzito wa gari tupu, kinachobaki ndo chako. Sasa ile gari ya mbwembwe ina bampa la chuma, winchi, roliba (yale mabomba ya chuma nyuma ya kebini), ngazi za pembeni, siti za umeme, vyote hivyo vimeshakula kwenye tani yako kabla hujaweka hata godoro. Gari kavu haijala kitu.

Basi nikaangukia Hilux Vigo singo kebini, fowilidraivu, vioo vya kunyonga kwa mkono, chini mpira mtupu hamna kapeti, siti za lezi, rimu za chuma, redio yenyewe ilikuwa imeng'olewa. Nyeupe. Ilikuwa gari ya kazi kwenye mradi fulani, dalali mwenyewe alikuwa anaionea aibu ameificha kule nyuma karibu na choo. Kapeti la mpira nalipiga maji ya ndoo, salfa yote inatoka, hebu fanya hivyo kwenye kapeti la manyoya. Rimu ya chuma ikipinda Kitangari fundi anainyoosha kwa nyundo unaondoka, rimu ya spoti ikipasuka unasubiri basi la Dar.

Injini ni 5L-E ya dizeli, lita 3.0, haina tabo (ile ya kusukumia hewa kwenye injini). Nakiri ni nzito kuondoka, mabasi yananipita na honi juu. Nilikuwa na nafasi ya kuchukua yenye injini ya 2KD, ile ya tabo, ina nguvu zaidi na mafuta inakula kistaarabu, lakini mimi nanunua dizeli ya madumu huko ndani ndani na zile nozeli zake za komoni reli, zinazopuliza dizeli kwa presha kubwa, hazitaki uchafu wala maji, 5L hata fundi wa mashine ya kusaga anaielewa. Ningekuwa naishia lami tu ningechukua ile nyingine bila kufikiria. Land Cruiser mkonga nayo niliitamani sana, lakini kwa bei yake ningelala kwenye gari kwa sababu nimeuza nyumba.

Hela iliyobaki ikaenda kwenye tairi kwanza. Iliyokuja nayo ilikuwa ya gari ndogo ndogo, ubavuni imeandikwa 98, maana yake tairi moja inabeba kilo 750. Nikatafuta zenye C mwishoni, yaani za gari za mizigo, 205R16C namba 110, hizo ni kilo 1,060 kila moja. Soma ubavu wa tairi jamani, muuzaji atakwambia "hii ngumu kaka" basi. Springi za nyuma nikaongeza jani moja, shokapu mpya, nikaishia hapo. Ila kuongeza jani hakukuongezei ule uzito wa kwenye kibati, chasisi na ekseli ni zile zile, kinachobadilika ni gari kutochuchumaa.

Kijumba kakichomelea fundi mmoja wa Mikindani. Tuligombana wiki ya kwanza yote, yeye anataka paipu za skwea inchi mbili na plaiwudi ya milimita 18, anasema "bwana mdogo, nyumba inatakiwa iwe nyumba". Karatasi moja ya hiyo plaiwudi, futi nne kwa nane, inacheza kwenye kilo 30, hesabu karatasi nane uone, bado chuma. Mwishowe tukaelewana paipu nyembamba ya inchi moja, plaiwudi ya milimita 9, nje shiti za alumini. Alikuwa anaguna kila akikata.

Kikaisha, nikaomba kupima kwenye mizani ya magari ya ghala moja la korosho, kipindi hicho ghala limelala. Bila kijumba, tairi za mbele peke yake juu ya mizani zilikuwa kilo 960. Tukapandisha kijumba, maji lita 80, betri, gesi, spea zote, napandisha tena tairi za mbele tu, 890, yaani nimepakia halafu mbele pamepungua. Nikafikiri mizani mbovu. Yule kijana wa mizani akanizungukia gari akauliza "tenki la maji umeweka wapi?" Nimeweka mlangoni kule nyuma, eti ili bomba la kunawia liwe karibu. Yaani somo lote la gunia la mkaa nalijua halafu nimelifanya mwenyewe. Siku mbili za kubomoa, tenki likaenda kugusana na kebini, kabati la spea likafuata, kitanda ndo kikarudi nyuma maana godoro halina uzito. Tukapima tena, mbele 995. Jumla ya mzigo pamoja na mimi na kijana wangu ni kama kilo 775, kwa kibati changu nabaki na akiba ya 275 hivi, ambayo siigusi, hata mtu akinibembeleza gunia la mihogo.

Msimu uliofuata nikapanda nayo Newala kutokea Masasi. Gia ya pili, konokono kabisa, bodaboda wananipungia mkono, lakini mshale wa joto haukutikisika na usukani ulikuwa umetulia mkononi. Mchangani kule Msimbati natoa upepo wa tairi mpaka PSI 20 hivi, inapita, nikisahau naifukua kwa koleo.

Kasoro zipo. AC hamna, Machi ni oveni. Kuta za milimita 9 mvua ikipiga husikii simu. Na urefu, nilishang'oa waya wa umeme wa mtu kijijini nikalipa.

Mama watoto alikuwa anaiita gari ya maiti. Juzi nimetoka Tandahimba nimechoka, namkuta kashafua mapazia ya kijumba na kuweka shuka mpya, ananiambia Jumamosi wanaenda Msimbati yeye na dada zake, nimwachie funguo, na mimi nitalala nyumbani na watoto.