Siku moja maishani mwangu: mtengenezaji wa bizari ya mboga

Kazi yangu ni kutengeneza bizari ya mboga nyumbani, hapa Mombasa, na kuiuza kwa kilo au kwa vikopo. Ni ile ambayo Wagujarati huiita dhana jiru: giligilani na jira (bizari nyembamba), basi, na vikolezo vichache vya kuinua harufu. Nilifundishwa na mama mmoja wa Kihindi niliyekuwa nikimsaidia jikoni. Kwao Gujarat, alinieleza, familia hununua jira na giligilani mpya msimu wa mavuno, wakaanika, wakasaga akiba ya mwaka mzima kabla ya mvua. Kipimo chake sijakigusa: sehemu 3 za giligilani kwa 1 ya jira.

Saa 11 alfajiri naamka, naswali, nakunywa chai.

Saa 12 niko na ungo. Leo ni giligilani kilo 6 na jira kilo 2. Napepeta, nachambua vijiti na vijiwe kwa vidole. Kijiwe kimoja kikipita, mashine inaumia na mteja anatafuna mchanga.

Saa 2 asubuhi nakaanga, moto mdogo, mwiko hautui. Giligilani peke yake, jira peke yake. Jira ni ndogo, huwahi kuiva. Ukiichanganya na giligilani itaungua mwenzake angali mbichi. Hapa pua ndiyo saa yangu. Uwatu hufuata, kiasi cha kiganja, na siondoki hata mlango ukibishwa, maana uwatu ukiungua uchungu wake unaharibu kilo zote. Manjano na mvuje (utomvu mkavu wenye harufu kali) sikaangi, huchanganya mwishoni.

Saa 4 natandaza kila kitu kwenye sinia vipoe. Saa hizi watu huona nimekaa bure. Ukisaga vya moto, mvuke unabaki ndani ya unga, unashika mabonge, na haukai muda kabla ya kuvunda.

Ndipo alipoingia mteja. Oda yake ilikuwa ya jioni, naye amekuja saa 5 na nusu.

“Mwanangu, nipe yangu nina safari.”

“Mama, bado inapoa.”

“Si kusaga tu? Washa mashine.”

Nikamweleza. Akakaa, akasimama, akashika giligilani kwa mkono wenye maji, nikamwomba auondoe. Nikamwonjesha iliyobaki ya juzi. Akaitazama kikoponi: “Mbona haina rangi? Ya dukani ni njano, inang'aa.” Nikamwambia ile aliyozoea ni bizari ya mchuzi, imejaa manjano. Hii ni ya bamia, mung'unye, viazi, mboga zenye ladha yake mwenyewe, haitakiwi kuifunika. Akataka nitie pilipili. Nikakataa, pilipili kila mtu hutia chunguni mwake. Akataka nipunguze bei, kwa kuwa “ni vitu viwili tu hivi.” Hilo liliniuma. Vitu viwili, ndiyo, lakini nimeviinamia tangu alfajiri mpaka mgongo umechoka. Bei sikupunguza. Mwishowe akakubali kusubiri, na kila dakika akiuliza.

Tulipowasha mashine, umeme ukakatika.

Ulirudi alasiri, yeye ameshaenda na kuniachia maneno. Nikafunga kitambaa puani, nikasaga, nikachekecha, makapi nikayarudisha mashineni, nikachekecha tena. Vumbi la jira linaingia machoni hata ufunge nini. Chafya, machozi, koo kavu. Lakini unga ulitoka wa rangi ya udongo wenye ukijani kidogo, vile vile unavyopaswa, na jirani alinusa akiwa ukutani kwake akaniagiza robo kilo.

Kufungasha sijui kulichukua saa ngapi. Mikebe iwe mikavu, ifungwe kabisa, isikae juani, jua hula harufu.

Baada ya isha mteja wangu akatuma kijana. Nikampa kilo yake na maelezo ya kumfikishia mama: mafuta yapate moto, haradali ipasuke, mvuje chembe, kisha bamia, bizari vijiko 2 vya chai itiwe bamia zikikaribia kuiva, afunike kwa dakika chache. Asiitie kwenye mafuta matupu yenye moto mkali, itaungua. Kijana akarudia maneno yote mpaka nikaridhika, akaondoka.