Mwana wa Johari

"Mama, yule mdogo mbona anakimbia na habebi kitu?"

Tulikuwa ndani ya matatu, foleni imetuganda Kisauni, na dirishani likapita gari la maji. Punda jike anavuta mitungi, na ubavuni pake mwanawe, miguu mirefu kuliko mwili, anajipenyeza baina ya mamake na bodaboda. Nikamjibu kwamba anamfuata mamake. Jibu likamtosha, akarudi kwenye mabuyu yake. Mimi nikabaki na Johari.

Ni 2017, nilipokuwa nikikaa kwa Ami Mishomoroni, Mombasa, mwaka wa ule ukame uliotangazwa janga la taifa. Majani yalikuwa ghali, Ami akichanganya pumba na mabua ili mradi Johari, punda wake wa kuvuta gari la maji, asilale na njaa, maana punda mwenye mimba akikosa kula siku mbili tatu damu yake hujaa mafuta na anaweza kufa. Mimba ya punda ni miezi 12, wakati mwingine huzidi, kwa hiyo kila mtu mtaani alikuwa na tarehe yake. Jirani yetu, mzee wa Kilamu aliyekua na punda tangu utotoni, hakuwa na tarehe. "Msitazame tumbo," alikuwa akituambia. "Tazameni kiwele. Chuchu zikigandisha vitone vya manjano, basi ndiyo hiyo siku."

Akazaa kabla ya adhana ya alfajiri. Tulipofika na taa mwana alikuwa chini, amelowa, utando bado umemshika mgongoni. Nilichokiona kwanza ni kwato. Zilikuwa zimefunikwa na kitu cheupe, laini kama nyama ya dafu, kimegawanyika vidole vidole. Mzee akaniambia kwamba hivyo ndivyo Mungu alivyozifunika zisimchane mama tumboni. Kila mwana alipojaribu kusimama, ule weupe ulikatika kidogo kidogo ukabaki mchangani, na chini yake ukwato mweusi ukaanza kuonekana.

Ami akamchovya kitovu kwenye kikombe cha ayodini. Haukupita muda mwana akawa amesimama, miguu ameitanua, anatetemeka. Akaenda moja kwa moja kwa mamake. Johari akasogea. Akaenda tena, mdomo ukagusa kiwele, Johari akapiga kelele na kuinua mguu wa nyuma. Ulikuwa uzazi wake wa kwanza, kiwele kimejaa hadi kinang'aa, bila shaka kilikuwa kinamuuma. Mwana akanyonya ukuta wa mabati. Akanyonya goti la Ami. Jua likawa limeshachomoza.

Mtoto wa punda huzaliwa karibu hana kinga ya maradhi mwilini. Kinga yake iko kwenye dang'a, yale maziwa ya kwanza, na saa zinavyokwenda utumbo wake hupoteza uwezo wa kuipokea. Ikifika siku ya pili, umnyweshe usimnyweshe, kinga haiingii tena. Daktari wa mifugo alinieleza hayo baadaye. Asubuhi ile nilichokuwa nacho ni uso wa yule mzee tu, na uso wake ulikuwa umebadilika.

"Mnyanyue mguu wa mbele," akamwambia Ami. "Aliyesimama kwa miguu mitatu hapigi teke."

Ami akaukunja mguu wa Johari akaupakata, bega lake kwenye bega la punda. Mzee akapiga magoti, akakikanda kiwele kwa kitambaa kilichochovywa maji ya uvuguvugu, taratibu, anamsemesha: haya mama, haya, umefanya kazi kubwa. Kisha akakamua kidogo kiganjani mwangu. Dang'a ilikuwa nzito, ya manjano, inanata. Nikajipaka vidoleni nikampa mwana. Fizi tupu, ulimi wa moto, akavishika vidole vyangu kwa nguvu nisizozitarajia kwa kiumbe cha saa mbili. Nilitaka kumsukuma kwa nyuma, mzee akanikataza, kwani ukimsukuma naye husukuma kurudi. Nikawa navuta vidole polepole kuelekea kiweleni, naye ananifuata, ananyonya, ananifuata, mpaka vidole vyangu na chuchu vikawa mahali pamoja. Nikavichomoa.

Tukasikia akimeza.

Hakuna aliyesema kitu. Ami akaushusha mguu wa Johari taratibu, mkono wake haujaondoka begani. Johari akageuza shingo, masikio yote mawili mbele, akamnusa mwanawe chini ya mkia, akamnusa tena kwa muda mrefu. Tangu hapo hatukuhitajika.

Kondo la nyuma lilitoka mapema, Ami akalitandaza kulikagua kama limekamilika, kwa sababu kipande kikibaki ndani humtia mama sumu. Mwana tukamwita Kusi, pepo zilikuwa ndiyo kwanza zinageuka. Masika yakaingia kwa fujo, tukaongeza mabati bandani, manyoya ya punda hayazuii maji na kichanga akirowa hushikwa na kichomi.

Sasa kazi. Mwana wa punda hunyonya mara kadhaa kila saa. Mama akitoka asubuhi na gari akarudi adhuhuri, mtoto ameshinda njaa, na kiwele kimevimba. Lakini maji ya mfereji yalikuwa hayaji, na wateja wa Ami ni watu wenye watoto vilevile. Wengine walimshauri amfungie Kusi bandani. Wengine wakasema amfunge ubavuni kwa mamake, wiki ya pili tu, waende naye barabarani.

Ami hakufanya lolote katika hayo. Aliingia mwenyewe kwenye mikono ya gari. Mitungi 10 ya lita 20 ni kilo 200, gari lenyewe hujalihesabu, na njia zetu masika ni tope. Watu wakamwita punda, wengine usoni pake. Alikuwa akirudi, ananawa, anaingia bandani kumtazama Kusi kabla hajaenda kula. Mabega yake yalichubuka nikayapaka mafuta ya nazi, na sikuwahi kumsikia akilalamika.

Alimrudisha Johari kazini Kusi alipokuwa akila majani vizuri, safari fupi fupi, mzigo nusu, na Kusi pembeni. Mimi nilitembea baina yake na malori. Hapo ndipo nilipoona malezi yenyewe. Lori likipiga honi, Kusi hakulitazama lori, alitazama masikio ya mamake. Mamake akitulia, naye hutulia. Johari hakuwahi kuchapwa na Ami, na mwanawe akajua binadamu kwa kumtazama yeye.

Miaka ile ndiyo machinjio ya punda yalikuwa yameruhusiwa Kenya, tangu 2016, ngozi zinakwenda China, na punda wa watu wakiibwa usiku. Mtu alikuja kuwataka wote wawili kwa bei nzuri. Ami akamwambia hapana, akahamishia kitanda chake bandani. Februari 2024, viongozi wa Umoja wa Afrika walipokubaliana kuzuia uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi, alinipigia simu kunisomea habari yote.

Kusi hakuvuta chochote hadi alipotimiza miaka 4, mifupa imekomaa. Siku ya kwanza tulijiandaa kwa vurugu, kamba tayari, vijana wawili wa kusaidia. Kusi akaliona gari, akageuka, akarudi kinyumenyume mpaka akaingia mwenyewe baina ya mikono yake, akasimama kusubiri.

Ami akafurahi hadi machozi. Akasema huyu amelelewa akaleleka. Nikamuuliza, Ami, kwani tulimwonyesha kitu kingine cha kujifunza? Akanijibu kwamba maji ya Mishomoroni hayajileti, na kwamba yeye pia alijifunza gari kwa kumfuata babake. Hadi leo hatujamaliza mjadala huo.