Vile nilichagua turbo ya WRX yangu hapa Nairobi, na kwa nini nilikataa 20G

Nianze na kitu imenichosha. Ukisema mbele ya watu wa Subaru hapa Nairobi ati unataka kubadilisha turbo (ile feni inayosukuma hewa kwa injini ikiendeshwa na gesi ya egzosti), jibu linakuja hata kabla umalize sentensi: weka 20G, turbo kubwa ya Mitsubishi. Hakuna anayekuuliza gari ni gani, unaendesha wapi, gia boksi ni ya spidi ngapi, unaweka petroli gani. Mtu hajui hata kama pampu yako ya petroli ni ile ya kiwandani lakini turbo ameshakuchagulia. Mimi nimepitia hiyo stori mwanzo mpaka mwisho, nikakataa, na gari leo iko vile nilikuwa naitaka na bado inanipeleka kazini kila asubuhi. Kwa hivyo wacha nieleze, maana kuna vijana wanapoteza pesa na injini juu ya ushauri wa bure.

Gari yangu ni Subaru Impreza WRX, ile bodi inaitwa GDA, ya soko la Japani, injini EJ205 ya lita mbili, manyuali ya spidi tano. Kwa karatasi ilitoka kiwandani na hosipawa 250 na turbo ya Mitsubishi, TF035. Hiyo turbo watu wanaitukana sana lakini ni turbo nzuri, ukigusa tu inaamka, shida yake ni juu. Ukipita mizunguko elfu tano na mia tano hivi kwa dakika inaanza kuchoka, busti (presha ya hewa ambayo turbo inaongeza) inashuka yenyewe, gari inapiga kelele lakini haiendi. Hapo ndipo nilitaka kupatibu. Sikuwa natafuta gari ya mashindano. Nilitaka gari ya barabara, itoke Ruaka asubuhi kwa foleni, na siku ya kwenda Naivasha nikipata nafasi ya kuovateki lori ile barabara ya kupanda kutoka Mai Mahiu nimalize mapema nirudi upande wangu.

Sasa kabla hujanunua kitu chochote, pima kama turbo uliyonayo inafanya kazi yake. Hii hakuna mtu aliniambia, nilijitafutia mwenyewe na ndiyo sehemu najivunia kuliko zote. Gari yangu kwa geji ya busti ilikuwa inafika psi 9 hivi (psi ni kipimo cha presha, kama ya tairi) halafu inasita, na kila fundi aliyeipanda alisema turbo imekufa. Nikajiuliza, kama imekufa mbona hainywi oili, mbona haitoi moshi, mbona shafti ukiishika iko imara? Nikaenda hadweya nikanunua kifuniko cha paipu ya PVC kinachotoshea ndani ya hosi ya hewa, nikakitoboa katikati, nikakitia valvu ya tairi, ile ya kawaida ya tubeless, nikaipaka gundi kuzunguka. Pesa ya chakula cha mchana tu, haikufika hata mia tano. Nikatoa boksi ya ea klina pamoja na sensa ya hewa, nikafunga kile kifuniko kwa mdomo wa hosi inayoenda kwa turbo na klipu ya nguvu, nikabana ile hosi ndogo ya kupumulia injini ili hewa isiingie kwa sampu (bakuli la oili chini ya injini) ikasukuma sili, halafu nikaomba jamaa wa pancha pale karibu na kwangu anipe hewa polepole. Polepole kabisa, psi 10 inatosha, ukizidisha unaweza kung'oa kitu.

Kelele ilianza kabla hata geji ifike tano. Fssss. Nikachukua chupa ya kunyunyizia yenye maji ya sabuni nikaanza kupuliza kila kiungo. Pale turbo inaposhikana na intakula (ile rejeta ya kupoza hewa ya turbo), ile hosi fupi ya mpira, povu lilitoka kubwa kama ngumi. Klipu ilikuwa imekaza juu tu, chini imeachia, na mpira umelowa oili umekuwa laini. Nikadhani nimemaliza, nikakaza, nikajaza tena, bado inavuja lakini sioni povu popote. Hapo ndipo nilipolala chini na tochi. Ile hosi ya kuingiza hewa kwa turbo inapita chini ya manifoldi (paipu zinazogawa hewa kwa silinda), mahali hata mkono hauingii vizuri, na upande wake wa chini ulikuwa na ufa mrefu kama kidole, ukiutazama kutoka juu hosi ni mpya kabisa. Nikiweka hewa ufa unafungua mdomo, nikitoa unafunga. Yule jamaa wa pancha aliita wenzake waje waone. Nilibadilisha ile hosi nikaweka ya silikoni (kuitoa ni kazi ya jasho, jipangie siku nzima) na gari ikapanda mpaka psi 13 na ile turbo ile ile iliyotangazwa kufa. Fikiria ningekuwa nimefunga 20G juu ya huo ufa. Ningekuwa na turbo kubwa inayovuja na fundi wa pili ananiambia ninunue nyingine kubwa zaidi.

Baada ya hapo nilifanya kitu kingine, nikaunganisha simu na gari nikawa narekodi mizunguko ya injini na busti wiki yote ya kawaida, kazini, sokoni, kanisani, kila mahali. Fanya hivyo kabla ya kuchagua turbo yoyote ya barabarani, utashangaa. Muda mwingi gari iko kati ya elfu mbili na elfu nne. Hata siku nakimbia Thika Road nikisema leo nimeichapa, naingia elfu sita sekunde chache tu halafu gari za mbele zinanisimamisha. Sasa 20G kwa injini ya lita mbili inaanza kuamka vizuri kama elfu nne na kitu. Maana yake ile sehemu yote ninayoendesha kila siku ningekuwa nimeiuza ili ninunue sehemu ninayogusa mara moja moja. Ndiyo maana nakasirika nikisikia ati kubwa ni bora. Bora kwa nani?

Halafu kuna hii maneno ya mwinuko, ambayo watu wanaosoma ushauri wa Uingereza na Marekani hawaigusi kabisa. Nairobi tuko karibu mita 1,700 juu ya bahari. Hewa yetu ina mgandamizo wa kama psi 12 badala ya 14.7 ya Mombasa. Ukisema unataka psi 16 za busti kwa geji, pale Mombasa turbo inapandisha hewa kutoka 14.7 mpaka 30.7, yaani mara 2.1 hivi. Hapa Nairobi inatoka 12 mpaka 28, hiyo ni mara 2.3. Geji inasoma namba ile ile, lakini turbo ya Nairobi inazunguka kwa kasi zaidi, inachemsha hewa zaidi, na hewa inayoingia kwa injini bado ni kidogo kuliko ya Mombasa. Ukipanda Limuru, ambako ni mita 2,200 na zaidi, mambo yanazidi. Na turbo ndogo ikisukumwa hivyo inatoka nje ya eneo lake zuri, inageuka hita, hewa moto inaingia injini, injini inaanza kugonga (petroli inalipuka ovyo ndani ya silinda), na hapo ndipo pistoni zinapovunjika. Kwa hivyo turbo ya kwetu inahitaji nafasi kidogo juu kuliko ile jamaa wa pwani angechagua kwa kazi ile ile, lakini pia gesi ya egzosti ya kuisukuma ni kidogo kwa hivyo kubwa mno inachelewa zaidi kuamka huku kuliko kule. Unabanwa pande zote mbili, na ndiyo maana lazima uchague kwa akili.

Nilipiga hesabu ya hewa. Kuna kanuni rahisi mafundi wa turbo wanaitumia, paundi moja ya hewa kwa dakika ni kama hosipawa kumi kwa injini ya petroli. Lita mbili, mizunguko 6,500, psi 16 hapa Nairobi, nikapata kama paundi 28 au 29. TF035 hapo iko mwisho wa pumzi. 20G inabaki na nafasi kubwa ambayo sitaitumia maisha yangu yote na gia boksi hii. Katikati kuna zile turbo za kampuni ya IHI za familia ya VF zilizokuwa kwa STI, ile WRX kali zaidi ya Subaru, na mimi nikaangukia VF30, ambayo Subaru waliiweka kwa STI za Japani za mwanzo za bodi ya GDB. Inafungwa pale pale bila kukata chuma, na hewa inatosha.

Sasa kuitafuta. Nilizunguka Kirinyaga Road na maduka ya spea za eks-Japan mpaka wauzaji wakanizoea. Hapa fungua macho. Kuna VF36 na VF37 ambazo ni nzuri sana lakini ni za midomo miwili upande wa egzosti, zinataka hedas zake (paipu za egzosti zinazotoka kwa injini), appaipu yake (inayopeleka gesi kwa turbo), na hata sampu ya oili ya aina yake ili hedas zipite. Muuzaji mmoja alinishikilia kabisa ati boss hii ni ya STI inaingia tu, bei nikufanyie ya jioni. Nikaigeuza nikaangalia ndani ya tundu la kuingiza gesi, nikaona ukuta katikati unaogawa tundu mara mbili. Nikamwonyesha, nikairudisha mezani. Ukiona ule ukuta na gari yako ni ya mdomo mmoja, shukuru uondoke.

Halafu usinunue kwa kusoma kibati chenye jina la turbo peke yake. Kibati kinafungwa na pini mbili ndogo, mtu anaweza kukihamisha. Mimi nilikuwa naenda na tochi na kitambaa cheupe. Kitambaa unakipitisha mdomo wa kutolea hewa, kikitoka na oili nyingi mbichi uliza maswali. Shika shafti, ivute ndani na nje, hapo isicheze kabisa ile ya kusikika mkononi. Ikicheza kidogo kushoto kulia ni kawaida juu haina oili, lakini isukume pembeni huku ukiizungusha, panga (yale mabawa ya feni) zikigusa ukuta achana nayo. Angalia ncha za panga moja moja, ukiona zimelika au zimechongoka ilimeza kitu. Nilikataa nyingi. Hatimaye nikapata moja kwa hamsini na kitu elfu baada ya kubishana, panga safi, ukuta hauna alama.

Kuifunga sitasema sana, fundi yeyote wa Subaru anajua. Lakini mambo haya simamia mwenyewe. Ile boliti ya paipu ya oili inayoenda kwa turbo ina kichujio kidogo ndani, wavu mwembamba kama wa chujio la chai, na kikijaa uchafu turbo mpya inakufa kwa kiu hata kama oili imejaa. Kitoe ukione kwa macho yako. Pia kuna WRX zina katalisti (kichujio cha moshi) ndani ya appaipu, ikivunjika vipande vinaenda moja kwa moja kwa turbo. Yangu niliibadilisha nikaweka tupu. Na kabla ya kuwasha mara ya kwanza, toa fyuzi ya pampu ya petroli upige stata mpaka taa ya oili izime, ndiyo turbo ipate oili kabla haijaanza kukimbia.

Niliongeza injekta kubwa, pampu ya petroli ya lita 255 kwa saa na dampaipu (paipu ya egzosti inayotoka kwa turbo), yote pamoja na kutuni, yaani kupanga upya kompyuta ya injini, ikagharimu kuliko turbo yenyewe, tena kwa mbali. Huyo anayekwambia funga tu ukatuni baadaye mwambie akulipie injini. Jamaa aliyenituni alikuwa anataka kupandisha busti mpaka psi 20, nikamwambia hapana kaka, tuishie 16, petroli ni V-Power, ile ya bei ya juu ya Shell, lakini siku nikiwa safarini nitaweka ile iliyopo. Na nikamwomba busti ije polepole kwa gia ya pili na ya tatu, maana hii gia boksi ya spidi tano ndiyo kiungo dhaifu cha WRX zote za aina hii, meno yanakatika ukiipiga toki (nguvu ya kuzungusha) nyingi ghafla chini. Turbo inayojaa taratibu kutoka elfu tatu na mia nne hivi inaihurumia kuliko 20G inayokuja yote kwa mpigo mmoja.

Matokeo? Kwa foleni tofauti na zamani ni ndogo sana, mke wangu anaiendesha na hajalalamika. Pale Mai Mahiu kwa gia ya tatu nyuma ya lori, nikifungua, gari inavuta mpaka 6,800 bila ile kuchoka ya zamani, na geji inakaa 16 haitetemeki. Juzi jamaa wa 20G tulikuwa naye njia hiyo hiyo, lori la kwanza nilishapita yeye bado anangoja busti, na tulipofika uwanda mrefu akanipita. Sawa, barabara ndefu ni yake, mimi kazi yangu iko kwa milima.

Ukishafunga yako, endesha wiki hivi halafu rudi ukaze klipu zote za hosi na nati za dampaipu injini ikiwa baridi, zinalegea zikishachemka na kupoa. Na kile kifuniko cha PVC usitupe, mimi nakitumia kila nikifanya savisi.